Jibu: Niko Muscat, duka linafunguka kwa Kiarabu

Salaam ndugu. Kwa hiyo simu umeiweka Kiswahili, lakini duka la mtandaoni linakufungukia kwa Kiarabu na bei kwa riali. Nami yalinikuta nilipofika hapa. Kwanza angalia kivinjari chako, Chrome: Mipangilio, kisha Lugha. Panga Kiswahili juu, Kiingereza kifuate, maana maduka mengi Kiswahili hawana. Kivinjari hutuma orodha hiyo kila unapofungua ukurasa. Tabu ni kwamba tovuti nyingine huipuuza, zikaangalia anwani ya IP tu (namba ya mtandao inayoonyesha uko nchi gani), kana kwamba kila aliyeko Oman anasoma Kiarabu! Tovuti ya duka langu ilikuwa na "/ar/", yaani Kiarabu, kwenye anwani ya ukurasa pale juu. Nikaandika "/en/", yaani Kiingereza, ikatii. Ikirudia, futa vidakuzi (cookies, kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huhifadhi kwenye kivinjari) vya duka hilo pekee. Ukifuta vyote utatolewa kwenye akaunti zako nyingi. Bei za riali ndizo zimenishinda mpaka leo.