Maswali ya wasomaji: Leseni ya uuguzi ya Uingereza hainunuliwi kwa wakala

SWALI: Shikamoo Mshauri. Mimi ni muuguzi mwenye stashahada, nimesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na ninafanya kazi katika wodi ya watoto ya hospitali moja hapa Moshi. Kuna wakala mwenye ofisi Arusha anayesema nikimlipa shilingi milioni nne atanipatia leseni ya Uingereza bila mtihani wa Kiingereza, kwa kuwa chuoni tulifundishwa kwa Kiingereza. Anasema nitangulie kama mlezi wa wazee, leseni itafuata nikiwa huko. Mama yuko tayari kuuza sehemu ya shamba. Je, nimwamini? Kama sivyo, njia halali ni ipi?
Muuguzi, Moshi

JIBU: Marahaba, binti yangu. Mwombe mama asiuze hata hatua moja ya shamba kwa ajili ya mtu huyo.

Leseni ya uuguzi ya Uingereza hutolewa na baraza la wauguzi na wakunga la huko, linalojulikana kwa kifupi kama NMC, na hutolewa kwa muuguzi ambaye amefaulu mitihani kwa akili na mikono yake. Wakala hana mamlaka ya kuitoa wala kuiharakisha, awe na ofisi Arusha au London. Kuna na jambo la pili ambalo huenda hakukuambia. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliiweka Tanzania katika orodha ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, na kwa sababu hiyo mwongozo wa serikali ya Uingereza unawazuia waajiri na mawakala kuja kuwasaka wauguzi hapa kwetu. Mwongozo huo haukuzuii wewe kuomba kazi moja kwa moja kwa mwajiri wa kule, kwa hiari yako na kwa jina lako. Tena sheria ya Uingereza ya mawakala wa ajira, ya mwaka 1973, hairuhusu mtafuta kazi kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Anayekudai milioni nne basi anafanya jambo ambalo mwajiri mwadilifu wa huko hawezi kushirikiana naye.

Hilo la kutangulia kama mlezi wa wazee limepitwa na wakati. Tangu tarehe 22 Julai 2025 Uingereza imefunga mlango wa viza kwa walezi wapya wanaoajiriwa kutoka nje ya nchi. Na ikitokea akakuambia kwamba atakutafutia mtu wa kukufanyia mtihani, kumbuka yaliyotokea Ibadan, Nigeria, ambako mwaka 2023 NMC ilitangaza kuwepo kwa dalili za udanganyifu mkubwa katika kituo kimoja cha mtihani wa kompyuta, na wauguzi waliofanyia mtihani hapo wakajikuta wakichunguzwa, wengine wakiwa tayari kazini Uingereza.

Kuhusu Kiingereza, ni kweli kwamba vyuo vyetu hufundisha kwa lugha hiyo, lakini NMC haitazami darasa peke yake. Inataka pia sehemu kubwa ya mazoezi yako na wagonjwa iwe imefanyika kwa Kiingereza, na wewe unajua kwamba mama aliyeleta mtoto mwenye nimonia kutoka Kibosho humuulizi historia ya ugonjwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo utafanya mtihani wa Kiingereza. Katika mtihani wa kimataifa wa Kiingereza uitwao IELTS, ule wa kitaaluma, unatakiwa kupata alama 7 katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Ukikosa kidogo usikate tamaa, kwa sababu matokeo ya mitihani miwili iliyofanyika ndani ya miezi 12 yanaweza kuunganishwa, mradi hakuna alama iliyo chini ya 6.5, au chini ya 6 kwa upande wa kuandika. Mtihani wa OET, uliotungwa kwa ajili ya watumishi wa afya, unakubaliwa pia, na kwa maoni yangu unamfaa zaidi muuguzi aliyezoea kuandika barua za rufaa.

Anza na nyaraka kabla ya kulipia mtihani wowote, kwa maana hapo ndipo wengi wanapokwama. Ziweke mezani pasipoti, cheti cha kidato cha nne, cheti cha chuo na leseni yako, kisha usome majina herufi kwa herufi. Jina la baba lililokatwa kwenye cheti kimoja, au jina la mume lililoongezwa kwenye pasipoti, linaweza kulisimamisha ombi lako, na ni rahisi zaidi kulirekebisha ukiwa bado uko Moshi. Hakikisha leseni yako ni hai, halafu uliombe Baraza letu lithibitishe usajili na mwenendo wako moja kwa moja kwa NMC.

Mtihani wa kwanza wa NMC hufanyika kwa kompyuta na una sehemu mbili, hesabu za dawa na maarifa ya uuguzi. Hesabu si ngumu kwako wewe wa wodi ya watoto. Mgonjwa ameandikiwa miligramu 375, chupa ina miligramu 250 katika kila mililita 5. Utampa mililita 7.5. Kinachohitajika ni kuzoea kuzifanya haraka bila kusita.

Mtihani wa pili, OSCE, ni wa vitendo na hufanyika Uingereza kwenyewe, ukiwa na vituo 10 vya kupimwa unavyovipitia kimoja baada ya kingine. Vinne vinafuata hatua za kumtathmini mgonjwa, kupanga huduma, kuitekeleza na kuipima; vinne ni vya stadi za mikono; viwili hufanywa kwa maandishi. Wauguzi wetu hodari huanguka hapa kwa sababu isiyohusiana na ujuzi. Katika wodi iliyojaa umezoea kufanya kazi kimya na upesi, lakini msahihishaji hutoa alama kwa kile alichokiona na kukisikia tu. Jizoeze, hata leo zamu ya jioni, kunawa mikono kwa hatua zote, kujitaja jina, kumuuliza mgonjwa au mzazi jina kamili na tarehe ya kuzaliwa, kuuliza kuhusu mzio na kuomba ridhaa kabla ya kugusa chochote, yote kwa sauti. Ada ya OSCE kwa miaka kadhaa imekuwa pauni 794, na hospitali nyingi za umma za kule humlipia muuguzi zinayemwajiri. Uliza jambo hilo kabla ya kutia saini mkataba, na uliza pia utadaiwa nini ukiacha kazi mapema.

Hukuuliza kuhusu Marekani, nami nitagusia tu. Huko leseni hutolewa na kila jimbo, mtihani ni NCLEX wenye maswali kati ya 85 na 150, na foleni ya viza ya ukaazi huweza kuchukua miaka.

SWALI: Mimi ni muuguzi wa ngazi ya cheti katika zahanati moja jijini Arusha. Je, naweza kuanza safari ya leseni ya Marekani sasa?
Msomaji, Arusha

JIBU: Bado, ndugu yangu. Taasisi ya TruMerit, iliyojulikana kama CGFNS hadi mwaka 2025, ambayo hukagua vyeti vya wauguzi waliosomea nje ya Marekani, huhitaji muuguzi wa ngazi ya kwanza, yaani mwenye usajili kamili na si wa ngazi ya cheti, aliyesoma nadharia na kufanya mazoezi katika magonjwa ya watu wazima, upasuaji, uzazi, watoto na afya ya akili. Jiendeleze kwanza hadi stashahada, na tangu siku ya kwanza chuoni tunza kumbukumbu za saa za mazoezi katika kila wodi, kwani chuo chako ndicho kitakachotakiwa kuzithibitisha na kuzituma moja kwa moja.