Modeli ya kisima chenye nyufa inapotoa gesi pungufu miezi ya mwanzo

Swali: Ninaiga kwa kompyuta mtiririko wa gesi katika kisima cha mlalo ambacho mwamba wake umepasuliwa kwa maji yenye shinikizo kubwa. Nyufa zimeachana mita 60, upenyezaji wa mwamba (urahisi wake wa kupitisha gesi) ni nanodarsi 100, yaani sehemu 100 za bilioni za darsi, ambayo ni kizio cha upenyezaji, na seli za gridi yangu, yaani vipande ambavyo modeli inaugawa mwamba, zina upana wa mita 10. Katika miezi ya mwanzo modeli inatoa gesi kidogo mno kuliko inayopimwa kisimani. Je, niongeze upenyezaji hadi matokeo yalingane?

Jibu: Upenyezaji usiuguse kwanza, kagua gridi. Tuchukue uvinyweleo (sehemu ya mwamba iliyo matundu) wa 0.05, mnato wa gesi wa paskali-sekunde 0.00002 na shinikizo la megapaskali 25. Ukigawanya upenyezaji kwa zao la uvinyweleo, mnato na kubanika kwa gesi (takriban moja gawanya kwa shinikizo), utapata kasi ya kusambaa kwa shinikizo ya takriban mita za mraba 0.0000025 kwa sekunde. Zidisha kwa muda, kisha tafuta kipeuo cha pili: baada ya siku moja athari ya ufa imeingia mwambani kama nusu mita tu, na baada ya mwaka mzima haijafika mita 9.

Sasa itazame seli inayopakana na ufa. Kitovu chake kiko mita 5 kutoka ufani, kwa hiyo programu inautandaza mteremko wa shinikizo katika mita zote hizo tangu dakika ya kwanza, na mwisho wa siku ya kwanza mtiririko unaokokotolewa ni kama sehemu moja ya sita ya ule halisi. Kasoro hiyo hufifia baada ya miezi minne hivi. Ukiifidia kwa kuzidisha upenyezaji mara sita, siku ya kwanza italingana, lakini nyufa jirani zitaanza kunyang'anyana gesi baada ya miaka 2 badala ya 11, na utabiri wa muda mrefu utakuwa umeharibika bila wewe kutambua.

Anza na seli ya sentimita 5 kando ya ufa, kisha kila inayofuata iwe mara 1.5 ya iliyotangulia. Seli 14 zinatosha kufika katikati ya nyufa mbili. Hatua za muda nazo zianze na dakika chache, kisha zirefuke taratibu.

Ufa wenyewe, wenye upana wa milimita 3 na upenyezaji wa darsi 100, unaweza kuwakilishwa na seli ya sentimita 30 yenye darsi 1, kwa sababu kinachopaswa kubaki vilevile ni zao la upana na upenyezaji. Uvinyweleo wake pia upunguzwe mara mia (wengi husahau hili), la sivyo ufa utahifadhi gesi ambayo haipo.

Baada ya hapo, chora mtiririko dhidi ya muda katika grafu yenye logi kwenye mihimili yote miwili. Ufa unaopitisha gesi bila kizuizi kikubwa utatoa mteremko wa hasi nusu. Ukiona hasi robo, ukinzani ndani ya ufa bado una uzito. Mteremko ukiwa sahihi na gesi bado pungufu, ndipo upenyezaji ujadiliwe, pamoja na urefu wa nyufa, kwa kuwa kipindi hiki hukuonyesha tu zao la eneo la nyufa na kipeuo cha pili cha upenyezaji, wala hakiwezi kukutenganishia hayo mawili.