Modeli yangu ina usahihi wa asilimia 93, mbona inajenga nyumba bwawani?

SWALI: Habari mtaalamu. Mimi nipo kitengo cha mipango miji. Nimechukua picha za setelaiti za 2000, 2010 na 2020, nikaziingiza QGIS (programu ya ramani) na plagini ya MOLUSCE (nyongeza yake ya kutabiri mabadiliko ya ardhi) nitabiri mji utakavyokuwa 2040. Usahihi umetoka asilimia 93, bosi kafurahi, ila ramani imejaza nyumba ndani ya bwawa. Je nihamie UrbanSim, ile modeli nyingine ya mji?

JIBU: Salama ndugu. Usihame kwanza, maana kinachonitisha mimi sio bwawa, ni hiyo 93.

Tuseme eneo lako lina pikseli (vimraba vya picha) 1000 na kati ya 2010 na 2020 zilizogeuka kuwa majengo ni 60 tu. Mtu akilala usingizi halafu akaamka akasema "hakuna kitakachobadilika" atapata asilimia 94! Tuseme modeli yako imepatia 25 kati ya hizo 60, imekosa 35, na imezusha 35 nyingine ambazo hazikugeuka, jumla ya makosa 70, ndo hiyo 93 yako, yaani imeshindwa na aliyelala. Mjini ardhi nyingi inabaki ilivyokuwa kwahiyo usahihi wa jumla unakubeba bure. Wewe chukua zile ilizopatia kugeuka, gawa kwa ilizopatia jumlisha ilizokosa jumlisha ilizozusha: 25 kwa 95, kama asilimia 26 hivi. Usishtuke, modeli nyingi hata za wasomi hazifiki 50. Na hesabu hiyo ifanye kwa mwaka ambao modeli haijauona, ifundishe kwa 2000 na 2010, itabiri 2020, ndo ulinganishe na 2020 halisi. Ukiifundisha kwa 2020 halafu ukaipima kwa 2020 hiyohiyo umeipa mtihani na majibu yake.

Sasa bwawa. Modeli imeona pikseli ipo karibu na barabara, imepakana na majengo, tambarare, ikasema hapa patamu. Maji haiyajui mpaka uiambie, kompyuta haina macho. SLEUTH ya Keith Clarke, modeli nyingine ya ukuaji wa miji, ina leya (tabaka la ramani) kabisa ya maeneo ya kuzuia, hiyo E ya "Exclusion" kwenye jina lake, ila kwenye MOLUSCE itabidi uyakate maji mwenyewe kwenye rasta zote (ramani za pikseli) kabla ya kufundisha. Ila kwa bonde oevu, ambalo sio bwawa kabisa, mimi huwa naendesha mara mbili, na zuio na bila zuio, kwa sababu watu wanajenga bondeni hata kama sheria imekataza, na tofauti ya zile ramani mbili inakuonyesha presha iko upande gani. Hiyo ramani ya tofauti ndo ya kumpelekea bosi.

UrbanSim ya Paul Waddell ni mnyama mwingine. MOLUSCE na SLEUTH zinaangalia kila kimraba na majirani zake, haziijui bei ya kiwanja wala familia inayotafuta pa kuhamia. UrbanSim inaiga kaya, ajira na wajenzi wakifanya maamuzi, na inaunganishwa na modeli ya usafiri, kwahiyo inajibu maswali ya "je tukiruhusu maghorofa hapa itakuwaje". Lakini inataka data ya viwanja na majengo, bei, kaya na kipato, kazi ziko wapi. Unazo? Kama huna utatumia miaka kuokoteza data na mpango utakuwa umeshapitishwa. Mtaalamu wa mipango Douglass Lee alizilalamikia modeli kubwa za mji kwa tabia hiyo toka 1973, njaa ya data na gharama, na kusema kweli njaa bado ipo.

Kama swali la ofisi yenu ni mji utasambaa wapi, baki hapohapo ulipo. Kata maji, rudia mtihani wa 2020, halafu nitumie zile namba tatu: ilizopatia, ilizokosa, ilizozusha. Na uniambie pikseli zako ni za mita ngapi, maana za setelaiti za Landsat ni 30 na za Sentinel-2 ni 10, kama umezichanganya bila kuzisawazisha basi sehemu ya hayo "mabadiliko" wala sio nyumba.