Kuotesha vijiti vya titani oksidi: shughuli yote iko kwenye kioo

Wadogo zangu wanaoanza utafiti wa seli za jua hunijia na maswali ya kemikali: nitie titani kiasi gani, nipashe moto kwa saa ngapi? Mimi huanza na swali moja: kioo chako ni cha aina gani, na unajua uso wake upi ni upi?

Njia ninayoipenda ilichapishwa na watafiti Bin Liu na Eray Aydil mwaka 2009. Unachanganya mililita 30 za maji yaliyoondolewa ioni na mililita 30 za asidi hidrokloriki kali, unakoroga, kisha unadondosha mililita 1 ya titani butoksidi. Mchanganyiko ukishakuwa mwangavu, unautia kwenye kopo la tefloni lenye kioo ndani, unalifunga kwenye ganda lake la chuma, unaliweka kwenye tanuri la nyuzi 150 kwa saa 20. Hapo vijiti vya rutaili, mojawapo ya maumbo ya fuwele za titani oksidi, huota vikiwa vimesimama juu ya kioo, vyembamba kuliko unywele mara mamia.

Lakini havioti kwenye kila kioo. Kinachofaa ni kioo cha FTO, yaani kilichopakwa stani oksidi yenye florini. Fuwele za stani oksidi zimejipanga kwa mtindo uleule wa rutaili, na vipimo vyake vinatofautiana kwa takriban asilimia 2 tu, hivyo titani hupata mahali pa kushika na kuendelea kwenda juu. Ukitumia kioo cha kawaida cha hadubini, kioteshe mbegu kwanza: kiloweke kwenye myeyusho hafifu wa titani kloridi wenye nyuzi 70 kwa nusu saa, kisha kichome. Kile cha ITO, yaani kilichopakwa indiamu oksidi yenye stani, kiache kabisa. Asidi hii hulila tabaka lake.

Kuosha ndiko wengi wanakokimbia. Asetoni, isopropanoli na maji, kwenye mashine ya mawimbi ya sauti, bila haraka. Halafu shika kioo kwa kibanio, pembeni tu. Alama ya kidole huonekana waziwazi baadaye: doa lisilo na kitu katikati ya utando mweupe.

Sasa chukua multimita, kile kipimo cha umeme. Gusa uso mmoja, gusa wa pili. Unaosoma omu chache ndio wenye FTO. Egemeza kioo kwenye ukuta wa kopo, uso huo ukitazama CHINI. Najua inaonekana kinyume, maana mtu hutaka kazi yake itazame juu. Lakini ndani ya myeyusho titani nyingine hujigandia yenyewe na kushuka kama unga. Uso unaotazama juu huupokea unga wote huo, na utando unaoupata hukwanguka kwa ukucha. Wa chini hubaki na vijiti vilivyoota palepale.

Asidi nayo usiipunguze kwa kuiogopa. Ndiyo inayozuia butoksidi isigeuke unga mweupe mara inapokutana na maji. Iogope kwa njia nyingine: fanya kazi ndani ya kabati la kuvuta mvuke, mimina asidi kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi, na usijaze kopo zaidi ya theluthi mbili. Kwenye nyuzi 150 mvuke wa maji peke yake husukuma karibu mara tano ya kanieneo ya hewa tunayovuta. Kwa hiyo usifungue kopo mpaka uweze kulishika kwa mkono mtupu. Nasisitiza hili kwa sababu macho hayana kipuri.

Maabara yenu ikiwa na umeme wa kukatikakatika, unganisha tanuri na laini ya jenereta. Tanuri likizimika usiku, hutajua vijiti vimeota kwa saa ngapi, na sampuli hiyo huwezi kuilinganisha na nyingine.

Ukitoa kioo, kisuuze kwa maji na ukiache kikauke. Tamaa ya vijiti virefu zaidi ina gharama: ukizidisha sana muda, utando wote hubanduka kama karatasi. Kwenye mashine ya eksirei, inayoonyesha fuwele zimeelekea wapi, angalia kilele cha 002; namba hizi hutaja tabaka za atomu ndani ya fuwele. Kikiwa kirefu na cha 110 kisipoonekana, vijiti vyako vimesimama wima. Vilele vyote vya rutaili vikijitokeza kama vya unga, rudi kwenye kioo kabla hujagusa chupa ya titani.