Rafiki wa Vitani Akifa, Wajibu Wako Huanza Matanga Yakianuliwa

Kijana mmoja aliyerejea kutoka kwenye ulinzi wa amani nchini Kongo ameniandikia akitaka kujua amkumbukeje mwenzake waliyeingia naye depo, yaani kambi ya mafunzo ya awali ya jeshi, siku moja, na ambaye hakurudi akiwa hai. Mdogo wangu, jibu langu ni hili: nenda nyumbani kwao, tena uende watu wengine wakishaacha kwenda. Nayasema haya kwa sababu nami nimemzika rafiki wa namna hiyo, na tangu siku ile nimejifunza mambo ambayo hakuna aliyetufundisha kwenye gwaride.

Kwa heshima ya familia yake nitamwita Sajini, cheo alichostaafu nacho. Tulikutana mwishoni mwa mwaka 1978, wakati majeshi ya Idi Amin yalikuwa yamekwisha kuingia Kagera na daraja la Kyaka limevunjwa, na Mwalimu Nyerere amekwisha kulitangazia taifa kwamba tutampiga. Tulikuwa vijana, tukachimba mahandaki pamoja, tukagawana mgao wa chakula hata ulipokuwa haumtoshi mtu mmoja, na baada ya kuvuka mpaka tulikwenda kwa miguu hadi mji wa Masaka, Uganda. Machi 10, 1979, huko Lukaya, ambako barabara ya kwenda Kampala inapita katikati ya kinamasi cha mafunjo, roketi za Walibya waliokuja kumsaidia Amin zilianza kutushukia, safu yetu ikavunjika na watu wakarudi nyuma bila mpangilio. Mimi nilikuwa nimejeruhiwa mguu na siwezi kusimama. Sajini alikuwa amekwisha kufika mahali pa salama, lakini alipoona sipo alirudi, akanivuta hadi ukingoni mwa maji, akaufunga mguu wangu kwa shati lake na kukaa nami usiku ule wote. Kulipokucha, wenzetu wa Brigedi ya 208 waliokuwa wakizunguka waliwashambulia adui kutoka upande mwingine, na kabla siku hiyo haijaisha nilikuwa mikononi mwa waganga wetu. Hakuwahi kulisimulia jambo hilo mbele za watu. Mimi ndiye niliyelisimulia kila mahali, na nalisema tena leo kwa fahari.

Miaka iliyofuata nitaipita upesi, maana ilikuwa miaka ya kambi, uhamisho, ndoa na watoto. Alipofariki kwa maradhi, kijijini kwao mkoani Mara, watu walijaa, hotuba zikawa ndefu, na waliokuwa wakimwita ndugu walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea. Matanga yalipoanuliwa hawakuonekana tena. Jambo hilo liliniuma na bado linaniuma, kwa sababu shemeji yangu, mjane wa mtu aliyeirudia hatari kwa ajili ya mwenzake, alibaki na mkoba wa karatasi asizozielewa wala hakuwa na wa kumwuliza.

Kwa hiyo nilizishika zile karatasi mwenyewe. Tuliitisha kikao cha ukoo, muhtasari ukaandikwa ukimpendekeza msimamizi wa mirathi, tukafuatilia cheti cha kifo RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, ndipo maombi yakapelekwa Mahakama ya Mwanzo. Kilichotuchelewesha zaidi ni majina. Rafiki yangu aliandikishwa jeshini kwa jina la ubatizo na jina la babu yake, ilhali kijijini na kwenye hati ya kiwanja alijulikana kwa jina la baba, na kila ofisi tuliyofika iliuliza kama huyo ni mtu mmoja au wawili, mpaka ilipopatikana hati ya kiapo. Wewe uliye kazini leo, usingoje hayo yamfike mke wako: linganisha majina yako kwenye nyaraka zote ungali hai, na umwonyeshe mwenzako unakoziweka.

Nasema tena, nenda nyumbani kwao. Alipofariki Jenerali David Musuguri, aliyeiongoza Divisheni ya 20 katika vita ile, mwezi Oktoba 2024, taifa zima lilimlilia, na ilistahili kabisa. Kila Julai 25 tunawakumbuka mashujaa wetu wote kwa pamoja, na waliolala Kaboya, makaburi ya mashujaa wa vita ile mkoani Kagera, wana makaburi yanayotunzwa. Lakini sajini na koplo wanamhitaji mtu mmojammoja anayewajua, na mtu huyo ni wewe uliyelala naye handaki moja. Vijana wetu wa ulinzi wa amani waliouawa Semuliki, huko Kongo, tarehe 7 Desemba 2017 walikuwa na marafiki wa depo. Kila rafiki angeishika nyumba moja tu, asingebaki mjane wa kuhangaika peke yake milangoni pa ofisi. Uaminifu hauishii kwenye kutupa udongo kaburini, na anayedhani umeishia hapo ajiulize kama yeye angependa watoto wake waachwe hivyo.

Ukifika, usipeleke pesa tu. Watoto wanataka kumjua baba yao, nawe unazo habari ambazo mama yao hanazo. Waeleze ukweli, pamoja na hofu tuliyokuwa nayo na siku tulizorudi nyuma, kwa sababu mtoto akipewa baba asiyeogopa kamwe amepewa mtu ambaye hakuwahi kuwapo. Mimi niliyaandika yote ninayoyakumbuka katika daftari, tangu Kyaka hadi Kampala ilipoanguka Aprili 1979, nikaliacha kwa kijana wake mkubwa, ambaye huniita baba mdogo. Amelisoma lote, na amenirudia na maswali kuhusu Masaka ambayo itanibidi niwatafute wazee wengine wa kombania yetu ili nimjibu sawasawa.