Bango la mtoto mgonjwa kwenye WhatsApp: nitume mchango?

Dadangu, umeuliza kama utume pesa kwa namba iliyo kwenye bango la mtoto mgonjwa. Usitume bado. Pigia hospitali iliyotajwa, kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, si ile ya bango, uulize kama bili inaweza kulipwa moja kwa moja kwa paybill yao (namba ya malipo ya M-Pesa ya hospitali). Picha hizi huibwa. Mimi nimeshaona mtoto yuleyule akiwa na majina mawili!

Ukituma kwa M-Pesa, soma jina linalotokea kabla pesa hazijaondoka. Likikutia shaka, katisha. Ukishakosea, tuma ujumbe wa muamala kwa 456 ya Safaricom, Kenya, upesi, ili pesa zirudishwe, maana mpokeaji akishazitoa, kuzirudisha ni kazi. Na anayekuomba PIN “kuthibitisha mchango”, mfungie namba.