Malengelenge yasiyoisha kwa mtoto mchanga

SWALI: Mwanangu ana miezi minne. Tangu azaliwe, akisuguliwa kidogo tu anatoka malengelenge. Majirani wanasema nilimuunguza kwa maji moto. Daktari ametaja epidermolisisi bulosa. Nifanyeje? — Mama Baraka, Kayole

JIBU: Mama Baraka, hukumuunguza. Ni ugonjwa wa kurithi, wala hauambukizi. Protini zinazoshikanisha tabaka za ngozi zina kasoro, hivyo msuguano mdogo huzitenganisha na maji yakajaa katikati.

Lengelenge usiliache litanuke, maana maji hayo husukuma na kubandua ngozi ya pembeni. Litoboe upande wa chini kwa sindano mpya ya hospitali, kisha likandamize taratibu kwa shashi safi. Ile ngozi ya juu iache. Hakuna bandeji ya dukani inayoishinda. Mafuta ya Vaseline yapake kwenye shashi, si kidondani, kisha funika na kuzungushia bandeji isiyobana. Plasta ya kunata ni mwiko, hata kile kipande cha kushikia sindano kliniki: kikitolewa, ngozi hufuata. Mwambie muuguzi mapema.

Usimnyanyue kwa kwapa. Tia mkono mmoja chini ya makalio, mwingine nyuma ya shingo. Nguo mvishe mishono ikiwa nje (wambea watasema umemvisha kinyume, waache).

Usaha, harufu mbaya au homa, ni hospitali siku hiyohiyo. Na uombe rufaa kwa daktari wa ngozi Hospitali ya Kenyatta: aina ziko kadhaa, nyingine nyepesi, nyingine hushika hadi koo.